Kupinga hati ya kiapo ya upande wa pili katika kesi ya madai Tanzania: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yanahusu mahakama za Tanzania Bara zinazofuata Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, Sura ya 33: Mahakama za Wilaya, za Hakimu Mkazi na Mahakama Kuu. Mahakama za Mwanzo zina kanuni zake, na Zanzibar ina sheria yake. Toleo la sheria lililorejewa la 2023, lililoanza kutumika Julai 2025, limebadili namba za vifungu kadhaa. Kabla ya kunakili namba kutoka kwenye hukumu ya zamani, ilinganishe na toleo jipya.

Kiapo cha mpinzani wangu kina uzito gani? Si maelezo yake tu?

Ni ushahidi. Mtu aliyeapa mbele ya Kamishna wa Viapo (kwa kawaida wakili mwenye mamlaka ya kuapisha) amefanya kwa maandishi kile ambacho angekifanya akisimama kizimbani. Usipokijibu kwa kiapo chako, mahakama ina haki ya kuyachukua yaliyomo kuwa hayabishaniwi.

Hapa ndipo wengi huanguka. Husubiri siku ya kusikilizwa, kisha wakili au mdaawa (mhusika wa kesi) mwenyewe husimama na kusema "hayo si kweli, mheshimiwa". Mahakama ya Rufani imerudia mara nyingi, ikiwemo katika shauri la Registered Trustees of the Archdiocese of Dar es Salaam dhidi ya Mwenyekiti wa Serikali ya Kijiji cha Bunju (Rufaa ya Madai Na. 147 ya 2006), kwamba hoja za wakili si ushahidi. Kiapo hujibiwa kwa kiapo.

Viapo hutumika hatua gani ya kesi?

Zaidi kwenye maombi: zuio la muda chini ya Amri ya XXXVII (Amri ni mafungu ya kanuni ndani ya Sura ya 33), kuongezewa muda, kurudisha kesi iliyofutwa au kutengua hukumu ya upande mmoja chini ya Amri ya IX, ruhusa ya kujitetea katika kesi ya muhtasari chini ya Amri ya XXXV, kusimamisha ukazaji (utekelezaji) wa hukumu, na pingamizi la mali iliyokamatwa chini ya Amri ya XXI. Maombi huja na hati ya maombi pamoja na kiapo.

Hati ya madai yenyewe si kiapo, ingawa mwishoni ina uthibitisho na sahihi. Hiyo hujibiwa kwa hati ya utetezi ndani ya siku 21 tangu kupokea wito. Wapo waliopeleka "kiapo kinzani" (kiapo cha kujibu kiapo cha mwenzako) kujibu hati ya madai na siku zao zikaisha bila utetezi.

Nimepokea kiapo leo. Nianze kukisoma wapi?

Anzia mwisho. Ukurasa wa mwisho una vitu viwili: uthibitisho, ambapo mwapaji anasema aya zipi anazijua mwenyewe na zipi ameambiwa na nani, na jurati, sehemu ambayo Kamishna wa Viapo anaonyesha nani aliapa, wapi, tarehe gani na mbele ya nani.

Kwenye jurati angalia kwanza kama mahali pa kuapia na tarehe vimeandikwa. Sheria ya Mathibitisho ya Kiserikali na Makamishna wa Viapo, Sura ya 12, inavidai vyote viwili. Angalia pia kama Kamishna ameeleza kuwa anamfahamu mwapaji binafsi, au kwamba mwapaji ametambulishwa kwake na mtu anayemfahamu, na mtu huyo ametajwa jina. Nafasi ya "ametambulishwa na ……" iliyoachwa na vitone vyake ni kosa la kawaida kuliko unavyodhani. Kisha linganisha tarehe ya kuapa na tarehe ya kusajili inayoonekana kwenye e-CMS, mfumo wa Mahakama wa kusajili mashauri kielektroniki. Kiapo kilichoapwa baada ya kusajiliwa kina maswali ya kujibu. Linganisha pia na tarehe za viambatisho: kiapo cha tarehe 4 hakiwezi kuambatisha barua iliyoandikwa tarehe 9.

Mwisho, jina la Kamishna. Wakili anayemwakilisha mdaawa katika shauri hilo haruhusiwi kumwapisha mteja wake kwa ajili ya shauri hilo hilo, wala Kamishna mwenye maslahi na shauri haruhusiwi kuapisha. Kama cheti cha Kamishna huyo kilikuwa hai siku ya kiapo, utaona kwenye orodha ya mawakili ya Mahakama mtandaoni.

Ukimaliza hapo, rudi aya ya kwanza ukiwa na kalamu. Pembeni mwa kila aya andika herufi moja: K kama unaikubali, P kama unaipinga na una nyaraka, S kama huna ufahamu nayo, H kama ni hoja ya sheria na si jambo lililotokea. Karatasi hiyo ndiyo mifupa ya kiapo chako kinzani.

Kuna tofauti gani kati ya kiapo chenye kasoro na kiapo cha uongo?

Tofauti ni kubwa, na njia zake za kupinga hazifanani. Kasoro ni jambo linaloonekana kwenye karatasi bila kuita shahidi yeyote: jurati haina tarehe, uthibitisho haupo, aya ni ya hoja ya sheria. Hilo hupelekwa kama pingamizi la awali. Uongo unahitaji ushahidi mwingine kuuonyesha, kwa hiyo hauwezi kuwa pingamizi la awali. Tangu uamuzi wa Mukisa Biscuit wa 1969, Afrika Mashariki inafuata msimamo kwamba pingamizi la awali ni hoja tupu ya sheria, inayosimama kwa kudhani kuwa mambo yaliyoelezwa na upande wa pili ni sahihi.

Kwa hiyo notisi ya pingamizi inayosema "kiapo kimejaa uongo" itatupwa dakika za kwanza. Uongo peleka kwenye kiapo kinzani, na ikibidi, kwenye dodoso, yaani kumhoji mwapaji mbele ya mahakama.

Ni kasoro zipi ambazo bado zina nguvu mahakamani?

Uthibitisho kukosekana kabisa. Katika DDL Invest International dhidi ya Tanzania Harbours Authority (Maombi ya Madai Na. 8 ya 2001), Mahakama ya Rufani ilisema uthibitisho ni sehemu ya lazima ya kiapo. Jurati isiyo na mahali au tarehe, au isiyo na sahihi ya Kamishna, nayo bado ni hoja nzito, kwa sababu bila hivyo hakuna kinachoonyesha kwamba mtu aliapa.

Kundi la pili ni aya zisizostahili kuwemo. Msingi wake ni kesi ya Uganda dhidi ya Commissioner of Prisons, ex parte Matovu, ya 1966: kiapo kinachukua nafasi ya ushahidi wa mdomo, hivyo kiwe na mambo ya ukweli tu. Maombi kwa mahakama, hoja za kisheria, maoni na hitimisho havina nafasi. Mfano: "Kwamba mjibu maombi alivunja kifungu cha 10 cha mkataba na kwa hiyo anawajibika kisheria kunilipa." Nusu ya mwanzo ni tafsiri ya mkataba, nusu ya pili ni hukumu. Mwapaji alitakiwa kusema alipeleka mzigo tarehe fulani, ankara ya kiasi fulani ikapokewa, na hadi siku ya kuapa hakulipwa.

Kundi la tatu ni uthibitisho usiolingana na aya. Aya ya 7 inasema "nimeelezwa na meneja wa tawi", halafu uthibitisho unasema aya ya 1 hadi ya 12 zote ni kwa ufahamu wangu mwenyewe. Au kiapo kina aya 14 na uthibitisho unaishia ya 12.

Kuna kasoro ambazo hatushauri kupoteza muda nazo: herufi iliyokosewa kwenye jina, namba ya aya iliyorudiwa, jurati iliyoangukia ukurasa wa peke yake. Zinamchosha hakimu, na hoja yako nzuri inayofuata atakuwa ameisikiliza kwa sikio moja.

Aya moja mbaya huangusha kiapo kizima?

Kwa kawaida hapana. Mahakama ya Rufani katika Phantom Modern Transport (1985) Ltd dhidi ya D.T. Dobie (Tanzania) Ltd ilieleza kuwa aya zenye kasoro zikiwa si za msingi zinaweza kufutwa, na kiapo kikaendelea kwa aya zilizobaki kama hizo zinatosha kuyabeba maombi. Kwa hiyo usiombe tu "kiapo kifutwe". Omba aya ya 6, 9 na 11 zifutwe, kisha onyesha kinachobaki: jina, anwani na historia ya kesi, bila sababu hata moja ya kutoa kinachoombwa. Hoja ya namna hiyo ndiyo huua maombi.

Nasikia siku hizi mahakama hazijali tena mambo ya kiufundi. Ni kweli?

Nusu kweli. Mabadiliko ya sheria ya mwaka 2018 yaliingiza kanuni ya lengo kuu: mashauri yaamuliwe kwa haki, haraka na kwa gharama nafuu. Tangu hapo mahakama zimekuwa wepesi kuruhusu marekebisho. Katika Maombi ya Madai Na. 240/01 ya 2019, kwa mfano, Mahakama ya Rufani iliruhusu kurekebisha kiapo chenye kasoro kwenye uthibitisho badala ya kuyaondosha maombi. Lakini mahakama hiyo hiyo imesisitiza mara kadhaa kwamba lengo kuu halifuti masharti ya lazima ya sheria.

Kwa vitendo: ukiwa na pingamizi la umbo peke yake, tarajia mpinzani apewe siku kadhaa kurekebisha, nawe umemwonyesha bure pa kuziba. Pima faida kabla ya kulipeleka. Pale ambapo muda wa kisheria wa mpinzani umeisha na hawezi kuleta maombi mapya kirahisi, pingamizi lina thamani kubwa. Pale ambapo atarudi wiki ijayo na kiapo safi, mara nyingi ni bora kuyajibu ya msingi na kasoro uzitumie kupunguza uzito wa kiapo.

Mpinzani anasimulia mambo aliyoambiwa na watu. Nifanyeje?

Amri ya XIX kanuni ya 3 inasema kiapo kibaki kwenye mambo ambayo mwapaji anaweza kuyathibitisha kwa ufahamu wake mwenyewe. Kwenye maombi madogo ndani ya kesi, anaruhusiwa kueleza anayoamini, ila ataje misingi ya imani yake. Uamuzi ulioripotiwa katika TLR (Tanzania Law Reports, ripoti za hukumu) ya 1995, ukurasa wa 75, uliweka wazi kuwa kiapo kinachotegemea taarifa za mtu mwingine hakipaswi kufanyiwa kazi bila chanzo kutajwa.

"Nimeelezwa na watu wa kuaminika" si chanzo. "Nimeelezwa na karani wa mahakama" nayo haitoshi, kwani karani huyo hana jina. Hata akitajwa jina, kama yeye ndiye shahidi muhimu, kiapo chake mwenyewe kinatarajiwa kuwepo. Hilo lilisemwa katika TLR ya 1992, ukurasa wa 233, kuhusu mtumishi wa mahakama aliyedaiwa kuchelewesha nyaraka. Hivyo mpinzani akisema alikwenda masjala mara tatu akaambiwa nakala ya hukumu haiko tayari, swali lako la kwanza liwe: kiko wapi kiapo cha aliyemwambia? La pili: iko wapi barua ya kuomba nakala yenye muhuri wa kupokelewa?

Wakili wa mpinzani ndiye aliyeapa. Inaruhusiwa?

Ndiyo, kwa mipaka. Lalago Cotton Ginnery and Oil Mills (Maombi ya Madai Na. 80 ya 2002) inasema wakili anaweza kuapa katika shauri analoliendesha, lakini kwa mambo anayoyajua yeye binafsi. Anaweza kuapa kwamba alikuwa Mahakama Kuu siku hiyo hiyo ndiyo maana hakufika. Hawezi kuapa kwamba mteja wake alilipa fedha taslimu kijijini miaka minne iliyopita. Aya za namna hiyo zinastahili kufutwa.

Ni vivyo hivyo kwa ofisa wa kampuni. Cheo cha "Ofisa Sheria" hakimpi ufahamu wa mambo yote. Tafuta aya inayoeleza alijuaje: alishiriki, au alisoma jalada? Na waombaji wakiwa wengi huku aliyeapa ni mmoja, uliza kama ameonyesha mamlaka ya kuwasemea wenzake.

Kiapo kinzani kinaandikwaje ili kiwe na meno?

Kijibu aya kwa aya, kwa namba zile zile, kisha ongeza aya zako zenye maelezo kamili ya upande wako. Adui mkubwa ni sentensi ya kunakili: "Aya ya 6 inapingwa vikali na mleta maombi atatakiwa kuithibitisha." Haina taarifa yoyote. Mleta maombi ameshaithibitisha kwa kuapa. Sasa ni zamu yako kusema nini kilitokea.

Linganisha na hii: "Aya ya 6 si ya kweli. Tarehe 14 Machi nililipa shilingi 3,200,000 kwenye akaunti iliyotajwa katika kifungu cha 4 cha mkataba. Nakala ya stakabadhi ya benki imeambatishwa na kuwekewa alama A-1." Tarehe, kiasi, njia ya malipo, kiambatisho. Hakimu akisoma hapo ana kitu cha kupima.

Usikanushe kila kitu. Kama mkataba mlisaini wote, kubali aya hiyo kwa maneno mawili. Mtu anayekataa hata sahihi yake inayoonekana hupoteza imani kwenye aya zinazobishaniwa kweli. Kama hujui, sema hujui na eleza kwa nini huwezi kujua: "Jambo hili lilifanyika kati ya mleta maombi na benki yake, sina ufahamu nalo."

Pia kumbuka kila kasoro uliyoiona kwa mwenzako inaweza kukurudia. Kiapo kinzani kinataka uthibitisho uliotenganisha ufahamu na taarifa, jurati iliyokamilika, na Kamishna asiye wakili wako. Hoja za sheria ziache kwa ajili ya mawasilisho, yaani hoja unazotoa kwa mahakama kwa mdomo au kwa maandishi.

Nina siku ngapi za kukijibu?

Katika maombi ya kawaida chini ya Sura ya 33, siku hupangwa na mahakama yenyewe pale shauri linapotajwa. Ziandike ukiwa bado mbele ya hakimu. Zikipita, huwezi kupachika kiapo kwenye mfumo kimya kimya. Itabidi uombe kuongezewa muda na ueleze sababu, na kiapo kilichosajiliwa nje ya amri kinaweza kuondolewa kwenye kumbukumbu.

Mahakama Kuu Divisheni ya Kazi ina utaratibu wake: chini ya kanuni ya 24 ya Kanuni za Mahakama ya Kazi za 2007, kiapo kinzani hupelekwa ndani ya siku 15 tangu kupokea maombi. Kanuni hiyo hiyo inataka kiapo cha mleta maombi kieleze wahusika, mambo ya msingi kwa mfuatano wa tukio, hoja za kisheria zinazojitokeza na nafuu zinazoombwa. Kwa hiyo pingamizi la "aya zina hoja za sheria na maombi", ambalo lingefaa kwingine, pale halina nguvu ile ile. Wakili wa madai anayeingia mahakama ya kazi mara ya kwanza huteleza hapo.

Niweke pingamizi la awali na kiapo kinzani kwa pamoja?

Ndiyo. Sajili vyote viwili ndani ya muda uleule. Anayetegemea pingamizi peke yake, likikataliwa hubaki hana ushahidi wowote kwenye jalada. Pingamizi litasikilizwa kwanza. Ukishalipeleka, mpinzani hatakiwi kuja na kiapo kipya ili kulikwepa kabla halijaamuliwa, msimamo ambao Mahakama ya Rufani imeusema kwa ukali katika Maombi ya Madai Na. 1 ya 2005. Akifanya hivyo, lilalamikie hapo hapo.

Nitauonyeshaje uongo wenyewe?

Kwa tarehe na karatasi. Chukua maombi ya kuongezewa muda, ambayo ndiyo uwanja mkubwa wa viapo vya kutunga. Tangu Lyamuya Construction (Maombi ya Madai Na. 2 ya 2010), mwombaji anatakiwa kuhesabu ucheleweshaji wote, aonyeshe haukuwa wa kupindukia, na kwamba hakuzembea. Kwa hiyo chora kalenda. Tuseme muda wa rufaa uliisha tarehe 10 Mei na maombi yamesajiliwa tarehe 28 Juni. Hizo ni siku 49. Kiapo kinasema aliugua. Cheti cha hospitali kinaonyesha alilazwa 12 hadi 19 Mei. Kinasema alisafiri kuzika; tiketi ni ya 2 Juni, kurudi 6 Juni. Zilizobaki, yaani 11 Mei, 20 Mei hadi 1 Juni na 7 hadi 27 Juni, hazina neno. Hapo hujahitaji hata kumwita mwongo. Weka jedwali hilo kwenye mawasilisho yako na hakimu atalitumia kama lilivyo.

Baada ya kalenda, linganisha kiapo na yale ambayo mtu huyo amewahi kusema: hati yake ya madai, barua ya madai kabla ya kesi, maelezo polisi, kiapo chake kwenye maombi yaliyotangulia. Nukuu sentensi mbili zinazogongana, taja ukurasa na aya.

Ukifanikiwa, matokeo ni makubwa. Katika Ignazio Messina dhidi ya Willow Investments (Maombi ya Madai Na. 21 ya 2001), Mahakama ya Rufani ilisema kiapo kilichochafuliwa na uongo si kiapo kabisa, hakiwezi kutegemewa kuunga mkono maombi. Ila uongo uwe kwenye jambo lenye maana. Kukosea siku ya wiki hakutoshi.

Kwenye zuio la muda, vigezo vya Atilio dhidi ya Mbowe (1969) vinakuelekeza pa kupiga: kama kuna hoja nzito ya kuamuliwa, kama hasara haiwezi kufidiwa kwa fedha, na nani ataumia zaidi. Aya inayodai "nitapata hasara isiyofidika" huku aya nyingine inataja thamani ya gari kwa shilingi imejijibu yenyewe.

Naweza kumwita mwapaji nimhoji?

Amri ya XIX kanuni ya 2 inaipa mahakama uwezo wa kuamuru mwapaji afike adodoswe, kwa ombi la upande wowote. Neno ni "inaweza", hivyo ni hiari ya mahakama na huamriwa mara chache. Omba mapema, kabla maombi hayajapangiwa mawasilisho ya maandishi. Taja aya husika, eleza kwa nini nyaraka pekee haziwezi kumaliza ubishi, na kwamba matokeo ya maombi yanategemea aya hiyo. Ombi la "nataka kumdodosa kwa kiapo chote" hukataliwa.

Ukikubaliwa, maswali yawe mafupi, kila moja na jambo moja: "Hii ni sahihi yako? Uliapa Mwanza? Siku hiyo ulikuwa wapi?" Mfungie kwanza kwenye alichoandika, ndipo umpe waraka unaompinga. Usimuulize "kwa nini"; utampa nafasi ya kueleza. Mwapaji aliyeamriwa asifike bila sababu ameipa mahakama sababu ya kutokitegemea kiapo chake, nawe uombe hivyo waziwazi.

Viambatisho vyake ni picha za WhatsApp na nakala zisizosomeka. Je?

Kiambatisho kisichotajwa ndani ya aya, au kisichowekewa alama inayolingana na aya, kinapingika kwa urahisi. Ujumbe wa simu unakubalika kama ushahidi chini ya Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, lakini uhalisia wake hupimwa: ulitunzwaje, umetoka kifaa gani, nani anaujua. Kama kiapo kimeambatisha picha bila kusema namba ni ya nani na nani alipiga picha hiyo, sema hivyo kwenye kiapo kinzani, na kama una mazungumzo kamili, ambatisha kipande alichokikata. Kwa sahihi unayodai ni ya kughushi, kanusha kwa kiapo, leta sahihi zako halisi za kipindi hicho, na omba uchunguzi wa mtaalamu wa maandishi.

Baada ya kiapo kinzani changu, ameleta kiapo kingine chenye mambo mapya.

Majibu ya kiapo kinzani yanatakiwa kujibu ulichosema, si kuanzisha kesi mpya. Kiapo cha nyongeza kinahitaji ruhusa ya mahakama. Una njia mbili: kuomba aya mpya zipuuzwe, au kuomba ruhusa uzijibu. Aya mpya zikigusa kiini cha maombi, chukua njia ya pili, maana ukishindwa kwenye ya kwanza zitabaki bila jibu.

Pingamizi langu likikubaliwa, nimeshinda kesi?

Umeshinda maombi hayo, na mara nyingi kwa muda. Kiapo chenye kasoro huyafanya maombi yaondoshwe, maana yake anaweza kurudi na mapya kama muda unaruhusu. Kutupwa ni kwa maombi yaliyosikilizwa na kukosa msingi. Soma neno lililotumika kwenye uamuzi kabla ya kusherehekea. Gharama omba hapo hapo. Amri ya XIX kanuni ya 3 inaruhusu pia gharama za kiapo kilichojazwa maneno ya kusikia na mabishano bila sababu zibebwe na aliyekileta.

Nimshitaki kwa kuapa uongo?

Ni jinai chini ya Kanuni za Adhabu, Sura ya 16, na adhabu yake inafika kifungo cha miaka saba. Lakini lazima ithibitishwe bila kuacha shaka, mtu hatiwi hatiani kwa ushahidi wa shahidi mmoja pekee, na mwendesha mashitaka ni Serikali. Jenga kwanza rekodi ndani ya kesi ya madai: hakimu akiandika kuwa kiapo kina uongo, malalamiko yako polisi yana pa kuanzia. Kumtishia mpinzani kwa jinai ili aondoe maombi ni jambo la hatari kwako mwenyewe.

Kiapo kinzani kiandikwe Kiswahili au Kiingereza?

Tangu marekebisho ya sheria ya 2021, Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama, ingawa Kiingereza kinaendelea kutumika katika mazingira yaliyoainishwa na kanuni. Kinachoweza kukusaidia kwenye kupinga: mwapaji asiyejua Kiingereza akiwa na kiapo cha Kiingereza kisichoonyesha kuwa alisomewa na kuelezwa kwa lugha anayoielewa, ana kazi ya kueleza alijuaje alichokiapia.

Nina kesi Mombasa. Mambo ni hayo hayo?

Msingi unafanana, kwani Amri ya 19 ya Kanuni za Mwenendo wa Madai za Kenya za 2010 ina masharti kama hayo ya ufahamu binafsi na dodoso. Tofauti mbili zina uzito. Kanuni ya 7 inairuhusu mahakama kupokea kiapo licha ya kasoro za umbo, kwa hiyo pingamizi la kiufundi lina nafasi ndogo zaidi. Na kanuni ya 6 inaruhusu kufuta maneno ya kashfa, yasiyohusika au ya kuonea. Kujibu maombi, Amri ya 51 inataka kiapo cha kujibu au hoja za kupinga vifike kwa mwombaji siku tatu kamili kabla ya tarehe ya kusikilizwa. Siku ya kupokea na siku ya kusikilizwa hazihesabiwi.